Wifi Yangu Aliacha Maji kwa Kuniiga Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba jina langu ulifiche, maana haya ninayokuandikia hata mama yangu mzazi hayajui.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na kwa miaka mingi nilikuwa mnene kiasi kwamba kiti changu cha kazi alinitengenezea seremala, na watoto waliokuja kupimwa walikuwa wakiniita Mama Godoro wakidhani sisikii. Mwaka jana nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, na aliyejua ni mume wangu peke yake, wengine wote tuliwaambia nimekwenda kumuuguza shangazi, na niliporudi nikaanza mazoezi kama daktari alivyoniagiza, kwanza kutembea, kisha kukimbia polepole, na mwili ukapungua mpaka watu wakawa wananipita njiani bila kunitambua. Walipouliza nilijibu, "Ni mbio tu na kujinyima," na kila nilipolisema neno hilo lilizidi kuwa jepesi mdomoni.

Sasa, nina wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mpishi wa chuo, tunataniana mpaka watu hudhani tunagombana, na umbo lake ni kama langu la zamani. Siku moja alikuja kuongezewa kiuno cha sketi, akakaa bila utani wowote, akasema, "Wifi, nimechoka kuwekewa viraka ubavuni. Nipe siri yako." Hapo ndipo ningesema, mshauri, lakini nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikajifanya siwezi kuongea, na nilipozitoa nikamwambia, "Njoo tukimbie."

Tukajiunga na kikundi cha mbio cha mtaani kinachoongozwa na mwalimu mstaafu tunayemwita Kocha. Kila tukipumzika wenzetu wanainua chupa na kunywa kwa mkupuo, nami siwezi, nikijaribu maji hunikwama kifuani kama jiwe kisha hurudi yalikotoka. Daktari alikwishanieleza, ninywe funda dogo dogo, siku nzima, bila kungoja kiu, ila niliona aibu kuonekana nadonoa maji kama ndege, wangeuliza kulikoni, basi nikawa naacha chupa nyumbani, na waliponiuliza nikasema, "Mwili ukizoea hauhitaji maji njiani." Kocha akatikisa kichwa akasema si kweli, mimi nikacheka, na wifi yangu akaliamini langu. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinagonga, nikiinuka kitini naona giza, na mkojo umeiva rangi kama chai isiyo na maziwa.

Jumapili iliyopita ilikuwa mbio ndefu na jua lilikuwa kali. Nilimsikia Kocha nyuma yangu akimpa wifi yangu maji, naye akajibu, "Wifi hanywi, na mimi sinywi." Nililisikia hilo kwa masikio yangu, mshauri, na sikugeuka. Karibu na mwisho watu wakaanza kuniita, nikarudi, nikamkuta amelala kando ya barabara, midomo imekauka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimkimbiza hospitali akatundikiwa dripu, tukaambiwa figo zimeelemewa lakini tumewahi. Alipopata fahamu vizuri, daktari akamuuliza mbele yetu sote, "Nani alikwambia ukimbie bila maji?" Akanitazama, akasema, "Hakuna, daktari. Ujinga wangu tu."

Nami nikajishughulisha kumnyooshea shuka. Mama mkwe akanishika mkono akasema, "Asante, mwanangu, kwa kumhangaikia mwenzio," nami nikaipokea asante hiyo. Usiku nilipomwambia mume wangu nataka kusema kweli, akanijibu, "Dada atakusamehe, mama hatakusamehe. Acha tu, ameshapona." Wifi ameruhusiwa kurudi nyumbani sasa, na jana amenipigia simu: "Wifi, nikipata nguvu tunarudi barabarani. Safari hii sitakuaibisha." Tangu hapo siwezi kumtazama mteja usoni, napima mabega ya watoto huku nimeinamisha kichwa. Nifanye nini?

Fundi mwenye aibu

JIBU

Dada fundi, aibu yako umeiweka mahali pasipo pake, ngoja tuihamishe.

Upasuaji si aibu. Ni matibabu, na bado umefanya kazi kubwa ya kutembea na kukimbia ambayo hakuna kisu kingekufanyia. Wala hukuwa na deni la kumtangazia mtu yeyote. Ungejibu, "Nilipata matibabu, mengine ni yangu," na mambo yangeishia hapo. Lakini kusema mwili hauhitaji maji si kutunza siri. Huo ni uongo, na uongo huo umemlaza mtu kando ya barabara. Aliyekuonyesha njia sahihi alikuwepo, ukamcheka. Hapo ndipo pa kuona aibu, na uione kwelikweli.

Mumeo anakupenda, ila ushauri wake ni wa mtu anayemwogopa mama yake. Mama mkwe atakasirika, ndiyo. Atakasirika, utamwomba radhi, na nyumba haitaanguka.

Nenda kwa wifi yako leo hii, kwa miguu yako, si kwa simu. Usianze kwa kulia, maana ukilia utamlazimisha mgonjwa akubembeleze. Sema, "Wifi, mimi nilipungua kwa upasuaji. Maji nayahitaji kama wewe. Nilikudanganya." Kisha nyamaza, umsikilize. Akitaka kukufukuza, akufukuze. Na asirudi mbioni mpaka daktari wake amruhusu. Baadaye simama mbele ya kikundi useme kwamba Kocha alikuwa sahihi kuhusu maji. Mambo ya kisu si lazima uyaguse.

Halafu kuna wewe, ambaye umejisahau kabisa katika barua yako. Giza unaloliona ukiinuka ni mwili unaokulilia. Acha mbio kwanza, urudi kwa daktari aliyekupasua umweleze yote, pamoja na rangi ya mkojo. Akikuruhusu kukimbia tena, anza kunywa tangu unapoamka, funda dogo dogo, na njiani punguza mwendo utembee unapokunywa. Usidhani utafidia kwa mkupuo ukifika nyumbani, tumbo lako halina nafasi hiyo. Vinywaji vya sukari usivivamie, muulize yeye kipi kinakufaa kurudisha chumvi inayotoka na jasho. Na siku maji yakikataa kabisa kushuka, au mkojo ukikatika, usiniandikie mimi. Nenda hospitali. Na wenzako wa mbio wakikuuliza kwa nini unakunywa kama ndege, waambie ndivyo unavyokunywa.

Lakini la wifi yako ndilo la kwanza. Mwenzio amelala huko akiamini ametoka kukuaibisha wewe. Usimwache alale na imani hiyo hata usiku mmoja zaidi.