Bibi Yake Klarineti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Kuharibu mali kwa makusudi
Jina la shahidi: limehifadhiwa, mtaani hujulikana kama Mama Ulimi
Umri: miaka 54
Kazi: fundi wa ala za muziki za kupuliza
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana ya marehemu baba yake

Nimeonywa kusema kweli, nami nimekubali. Jina la Mama Ulimi sikupewa kwa kuwa na maneno mengi. Nachonga ndimi, yaani vile vibamba vyembamba vya tete vinavyotetemeka kwenye mdomo wa klarineti hadi sauti itoke. Mtoto sina.

Nilifanya kazi na baba miaka thelathini na mmoja. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyefundishwa kupiga klarineti, na mpaka leo anaipiga kwenye bendi ya hoteli. Mimi niliruhusiwa sauti moja tu, ya kujaribu kama ala imepona. Nikiongeza ya pili, baba aligonga meza kwa bisibisi. Alikuwa akisema msichana mwenye mashavu ya kutuna haolewi. Basi mashavu yangu hayakutuna, na mume sikumwona.

Baba alifariki mwezi wa kwanza mwaka huu. Katika wosia alimwachia kaka nyumba na klarineti. Mimi aliniachia makorokoro ya karakana. Ndilo neno aliloandika.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nasogeza kabati la misumari. Nyuma ya droo ya chini kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa cha pamba, nikadhani ni mguu wa kiti. Nilipokifungua niliona matundu, vibonyezo viwili vya shaba, na mdomo uliochongwa bapa mahali pa kufungia ulimi mmoja. Urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Chini haikutanuka kama klarineti inavyotanuka. Nimefungua na kufunga ala za kila aina, lakini ile sikuwahi kuiona, na baba hakuwahi kuitaja.

Kuanzia kesho yake niliipaka mafuta siku tatu mfululizo. Siku ya nne, tarehe 13, saa tisa alasiri, nilichonga ulimi, nikaufunga kwa uzi, nikapuliza. Sauti ilikuwa ya chini na nene, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Niliongeza ya pili. Nilingoja mlio wa bisibisi, ingawa mwenyewe yuko kaburini. Kisha nikapiga wimbo mzima ambao kaka alikuwa akijifunzia tulipokuwa wadogo. Vidole vyangu viliujua. Fundi viatu wa jirani aliacha kugonga akaja mlangoni, akauliza nani anapiga. Nilimwambia ni mimi. Alicheka, akidhani namtania.

Nilipeleka picha makumbusho. Tarehe 20 alikuja mtunza ala wao, mama mmoja mpole. Aliishika kama mtu aliyepewa kichanga. Aliniambia ala kama hizo zilipigwa kabla klarineti haijabuniwa. "Huyu ndiye bibi yake klarineti," alisema. Nilikubali kuitoa kwa makumbusho. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba siku ya kuikabidhi niipige mimi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 mwezi wa nne. Saa tano kamili, karakanani, tulitia sahihi hati ya makabidhiano, nakala ninayo. Walikuwepo mtunza ala, fundi viatu, kaka, na wifi yangu, mke wa kaka. Nilipiga nyimbo mbili. Mtunza ala alifuta macho. Kaka alisimama kando ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, bila kupiga makofi.

Kisha akaomba kujaribu, na mtunza ala akampa. Aliipuliza kwa nguvu kama anavyopuliza yake, ikapiga kelele ya bata. Fundi viatu alicheka. Kaka alijaribu tena, ikawa vilevile. Nilimwambia apunguze pumzi, kwamba ile haitaki kulazimishwa. Ndipo akaniangalia.

Alisema, "Miaka arobaini napiga nisichokipenda. Mimi nilitaka useremala. Ulijua, na ulinyamaza."

Nilimjibu, "Sikunyamaza. Nilinyamazishwa, nawe ulikuwepo."

Aliinua ala ile kwa mikono miwili akaipigiza kwenye jiliwa. Ilipasuka mara ya kwanza. Alipigiza mara ya pili. Vipande vilikuwa vitano, nilivihesabu nikiwa nimepiga magoti. Hakuna aliyemsukuma wala aliyemgusa. Hakuwa amelewa. Aliweka kipande alichobaki nacho mezani, taratibu, akatoka.

Jana saa mbili asubuhi wifi alikuja chumbani kwangu. Alinisihi niseme ilimteleza, kwa sababu kaka akifungwa bendi haitamngoja. Alisema damu nzito kuliko maji. Nilimpikia chai, tukanywa, nikamwambia sitasema hivyo. Aliondoka bila kuaga.

Ofisa ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Kaka alisema kweli kuhusu useremala. Nilijua, maana alikuwa akinichongea wanasesere kwa siri, baba akawatia jikoni wakawa kuni. Namhurumia kwa hilo. Lakini huruma yangu haiungi mti uliopasuka, na mimi sina tena pa kupiga sauti ya pili.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, sina mengine.

(Sahihi) Shahidi

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika haya kadiri shahidi alivyosema, kisha nikamsomea kwa sauti. Hakulia. Mahali pawili nilikuwa nimeandika "ilivunjika". Aliomba kalamu, akakata, akaandika "aliivunja", na kutia sahihi pembeni mara zote mbili. Kwa kuwa ukurasa ulichafuka, nimeunakili upya bila neno langu wala lake, naye amekubali.

(Sahihi) Ofisa mpelelezi