Nafasi ya Kengele ya Nne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anagombana na redio wakati wa taarifa ya habari? Mimi mzima wa mwili. Viatu vya watu vinaniweka mjini. Wiki hii nimebadilisha soli jozi kumi na moja, na kidole gumba nimekishona pamoja na kiatu mara moja tu.

Umeniuliza mara tatu kwa nini sihamii kwako, na kila mara nakujibu kwamba kengele zinanihitaji. Najua unacheka, mtu mzima na akili zangu kuning'inia kwenye kamba kila Jumamosi alasiri. Leo nitakueleza vizuri, maana nina la kukiri.

Mnara wa kanisa una kengele sita. Hatulipwi, na wengine wetu hata ibadani hatuonekani, tunapenda tu. Hatupigi wimbo. Tunapiga kwa zamu, ya kwanza hadi ya sita, kisha tunarudia, na kazi yote ni kuhesabu na kutoingilia zamu ya mwenzako. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkali utadhani bado ana chaki mkononi. Mimi napiga ya tatu. Ya nne ilikuwa ya wifi yako. Unamjua alivyokuwa, hata siku ya harusi yetu alitungojesha mpaka mpambe wake akasinzia. Miaka kumi na mmoja mwalimu alipaza sauti, "Namba nne, unachelewa!" Naye alijibu yale yale, haraka ya nini, kengele haiendi popote.

Alipofariki tulibaki watano. Mwalimu akasema zamu yake tusiizibe. Basi tukawa tunapiga moja, mbili, tatu, tunanyamaza kidogo, halafu tano, sita. Dada, ule ukimya ndio niliokuwa nauendea. Nyumbani kimya hakina mwanzo wala mwisho. Mnarani kilikuwa na mahali pake, mara tu baada ya mkono wangu, na nilijua kabisa ni cha nani.

Mwaka jana akaja mama mmoja muuguzi, kahamishiwa hospitali ya hapa, hajui mtu. Aliomba kujifunza. Mwalimu akafurahi, akamwambia namba nne iko wazi. Niliposikia hivyo roho iliniuma. Wiki iliyofuata nikawaambia kamba ya nne imeoza na nitaishughulikia. Kamba zote natengeneza mimi, wakaniamini. Yule mama akawa anakuja hivyo hivyo, anakaa kwenye benchi na chupa yake ya chai, anatumiminia, anatutazama, anarudi kwake. Miezi saba.

Kamba haikuwa imeoza. Niliikata mimi, kwa kisu changu cha ngozi, nikaificha dukani chini ya viatu ambavyo wenyewe hawakuvifuata.

Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini hachoki kuja. Akasema kwake hakuna wa kumwuliza ameshindaje, hapa angalau mtu humrudishia kikombe. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu hata ya kujitazama. Nikaitoa ile kamba, nikaiunga na kuifunga kwa uzi wa viatu.

Jumamosi iliyopita niliwaambia ukweli mbele ya wote, naye akiwepo. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Yule mama aliniuliza tu kama namruhusu. Nikamkabidhi kamba kwa mikono yangu.

Tukaanza. Nilipiga ya tatu, nikasubiri ukimya wangu. Ukaja, halafu kengele ya nne ikalia katikati yake, imechelewa. Mwalimu, kwa mazoea, akapaza sauti, "Namba nne, unachelewa!" Kisha akaziba mdomo kwa mkono. Kamba zote zikatulia. Yule mama alitutazama akidhani ameharibu kitu.

Nikajisikia nikimjibu mwalimu, "Haraka ya nini? Kengele haiendi popote."

Nililia, dada, siwezi kukuficha. Kikombe cha wifi yako bado kiko kabatini, na hilo usiniulize kwa sasa. Lakini kile chumba nitunzie, nitakuja kukaa wiki mbili. Nimeshaaga mnarani. Mwalimu amesema zamu yangu hawataiziba. Watapiga moja, mbili, watanyamaza kidogo, halafu nne.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote, na goti ulipake dawa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi viatu