Kurasa za Vita

Bunia, Ngezi, tarehe 14 mwezi wa pili 2009

Yaya Rémy, mukubwa wangu,

Nakusalimia mingi katika jina la Bwana. Namna gani afya, namna gani kazi kule Kisangani? Siye tungali na pumuzi, mama anakula vizuri. Bunia iko kimya, lakini kimya ya watu wenye kuangaliana.

Yaya, roho inanichemka. Radio ya muji wetu imetimiza miaka kumi na tano, na mairie, ofisi ya meya, ilinipa kazi ya kuandika historia yake, juu miye ni mutangazaji wa zamani kupita wote. Niliandika namna tulianza na mikro moja ndani ya depo ya mizigo, namna Muzee Emery, fundi wetu, alifunga antena na kamba ya ngombe, namna watu walileta matangazo ya kilio na ya mbuzi zilizopotea. Niliandika pia miaka ya vita, wakati kila kundi lililokamata muji lilituletea karatasi yake, siye tunasoma.

Direktere wa radio aliniita. Alisema historia iko muzuri, lakini kurasa tatu za vita zitoke, juu amani ingali laini. Nilimwambia watu hawakusahau. Alicheka, akazikata na kalamu ya biki nyekundu. Nilienda mairie mara ine kuomba kurasa zirudishwe. Kila mara waliniambia nirudie kesho. Siku ya sikukuu walisoma eti radio yetu ilitumikia watu wote bila ubaguzi. Watu wakapiga mikono. Nilitoka inje, nikalia kwa hasira.

Lakini hasira yangu haiko safi. Ile siku Estelle, bibi yako wa ndoa, alipanda kamio ya kwenda Iga Barrière, radio ilitangaza kama barabara iko wazi. Ni miye nilisoma. Muzee Emery alinikamata mukono kwenye mulango: "Régine, usisome, watu wanakimbia kutoka kule!" Nilisoma, juu mwenye kuleta karatasi alikaa karibu yangu, bunduki juu ya magoti. Kamio ile haikufika.

Miaka sita nimekuacha uamini kama Estelle alienda bila kusikia radio. Alisikia, yaya. Alisikia sauti yangu, akaiamini.

Kurasa zote tatu ziko ndani ya hii bahasha. Jina lake liko mule, na langu pia.

Watoto wanakusalimia. Mama anauliza kama utakuja Pasaka. Nilimwambia angoje barua yako.

Ni miye mudogo wako,
Régine