Tumeshinda, Wewe na Nani?

Kaka Athumani, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Geita, vumbi la mgodi likiwa limenijaa hadi kwenye nyusi. Ninyi huko Tanga najua mlishashangilia zamani mpaka sauti zikakauka. Mimi habari imenifikia leo, tena kwa bahati tu. Mwenye duka kanifungia sukari kwenye kipande cha gazeti kuukuu, nami nikasoma humo kwamba timu yetu ya Tanganyika imechukua kombe la Afrika Mashariki! Nikatoka nje mbio, sukari inamwagika, napiga kelele: "Tumeshinda! Tumeshinda!"

Wenzangu wa kambini ni watu wa Ruanda na Nyasaland. Walinitazama kidogo, wakarudi kwenye bao lao. Aliyenijibu ni mama mmoja wa Kisukuma anayeuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akadhani namsalimu. Akaniuliza kwa upole, "Mmeshinda salama, baba? Wewe na nani?"

Unajua nikageuka nyuma, kama mjinga, kumtafuta huyo mwenzangu?

Nikanunua michembe, nikakaa kando yake nikitafuna. "Nimeshinda peke yangu, mama," nikamwambia.

"Pole, baba," akasema, akaniongezea kipande.

Wapakate watoto kwa niaba yangu, kaka. Na jioni ukipita uwanjani kwetu, piga ukelele mmoja, useme "tumeshinda", na mimi nikiwemo.

Mdogo wako,
Rajabu