Faulo Ambayo Hakuna Aliyeiona

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Goti lako linaendeleaje? Daktari alikukataza ngazi, lakini nakujua, utakuwa umeshazipanda mara kumi tangu asubuhi. Sisi huku wazima. Mwanao hajambo, anakula vizuri, na hesabu amefaulu. Mimi ni yule yule: mvi zimeongezeka, maneno hayajapungua.

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo kifua kimoja hakiitoshi. Jumamosi iliyopita afisa wa baraza la michezo alikuja kuukagua mchezo wetu wa pool. Akiridhika, tungeandikishwa, tungechezea ukumbi wa shule, na wachezaji wetu wangepewa leseni waishi kwa jasho la mchezo wao kama wacheza mpira. Asiporidhika, ndiyo basi, tunarudi baani. Najua umeshakunja uso. Wewe na marehemu baba mlikuwa na kauli moja, kwamba pool ni mchezo wa wahuni. Vumilia kidogo nikueleze. Nimefundisha jiometri miaka thelathini na miwili, na sijaona ubao wa kufundishia pembe unaoishinda meza ile ya kijani.

Tulihamishia meza ukumbini, watu wanane tukihema, kwa sababu chini ya kitambaa mna bamba la jiwe. Kisha nikashinda siku mbili nimepiga magoti na pima maji, nikisukuma vipande vya kadibodi chini ya miguu ya meza mpaka kile kipovu kikatulia katikati. Nikajipongeza. Laiti ningejua!

Aliyefungua mashindano tuliyomwandalia afisa ni bingwa wetu, kinyozi wa karibu na stendi. Akakosa. Akarudia, akakosa. Akanigeukia mbele ya watu akanilaumu kwamba nimeiroga meza. Kosa, mdogo wangu, lilikuwa letu sote. Meza za baa zote zimelala upande, na wachezaji wetu wanaujua mlalo wa kila moja kama mtu anavyozijua hasira za mkewe. Wamezoea kulenga pembeni ili mpira ujirudishe wenyewe. Nilipowapa meza iliyo sawa, mpira ulikwenda ulikotumwa, na shimo likabaki linawatazama! Ukumbi ulicheka. Mmoja akampigia kinyozi kelele arudi kwenye vichwa, maana vile angalau havibingiriki. Afisa, mama mmoja mwenye miwani na daftari, aliniuliza kwa upole kama kweli hawa ndio walio bora. 

Ndipo akaingia msichana tunayemwita Kimya, kwa sababu habishani na mtu. Yeye alijifunzia nyumbani, kwenye meza iliyonyooka, wala baa haijui hata mlango. Alitumbukiza mipira mitano mfululizo, tap, tap, na kicheko kikafa. Afisa akaacha kuandika, akasogeza kiti. Mpaka fainali, kinyozi naye alikuwa ameshaizoea meza, wakakutana wao wawili, mpira kwa mpira, hadi wote wawili wakabakiwa na ule mweusi tu, na zamu ikawa ya Kimya. Auingize, kombe ni lake.

Akainama, akalenga, kisha akasimama wima na kuinua mkono. Akamwambia mwamuzi kwamba shati lake limegusa mpira. Mwamuzi wetu ni fundi seremala mwenye macho ya mwewe, lakini hakuwa ameona kitu. Mimi niliyekodoa macho sikuona. Kinyozi mwenyewe alisema hakuona. Msichana akashikilia kwamba amegusa. Na sheria ni sheria: mpinzani anauweka mpira mweupe popote apendapo. Kinyozi akauweka, akautia ule mweusi shimoni, akashinda. Hakushangilia. Alikwenda kumpa Kimya mikono yote miwili.

Afisa alifunga daftari. Akatuambia kwamba kwa miaka kumi na tisa ameona wachezaji wakijiangusha bila kuguswa, lakini hajawahi kuona anayejishtaki bila kuonwa. Akatia sahihi pale pale! Nilipiga vigelegele, mimi mzee mzima, hadi miwani ikaniruka.

Sasa kama umesimama, kaa. Kimya ni mwanao. Meza aliyojifunzia iko katika chumba changu cha kulia, pale nilipokuambia kwamba namfundisha hesabu za ziada. Hesabu zilikuwepo, lakini zilikuwa na mashimo sita. Nimekuficha miaka miwili, nikijidai nakuepusha na hasira, kumbe nakuogopa. Mtoto amekiri mbele ya watu mia mbili jambo lililomnyima kombe. Nikaona haya kuendelea kujificha nyuma ya bahasha.

Ameitwa kambi ya timu. Fomu hii niliyoiambatisha inataka sahihi ya mzazi au mlezi. Ningeweza kuitia mimi, nimekataa. Ukiirudisha tupu, nitaifungua meza ile vipande vipande kwa mikono yangu na hutasikia neno. Yeye hakunituma nikubembeleze. Aliomba tu niandike wazi kwamba alishindwa, usije ukasikia kwa watu kwamba alishinda.

Msalimie shemeji, na tafadhali, ngazi.

Ni mimi kaka yako, mkosaji mwenye furaha.