Niliwaambia Baba Mkwe Hatumii Choo Chetu

Mama Lidia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla hatujafika arobaini ya baba mkwe wangu, maana ndani ya nyumba yetu kuna karatasi inayosubiri saini yangu na sina hata mtu wa kumuuliza, kwa kuwa wote ninaoweza kuwauliza ni ndugu zake.

Mimi ni mzaliwa wa Litembo huko juu, nimeolewa huku ziwani mwaka wa kumi na moja sasa, kijiji kimoja kati ya Lituhi na Mbamba Bay, jina nisilitaje. Mume wangu Mansuetus ni mvuvi wa usipa, dagaa wa huku kwetu, na tuliishi na baba yake, Mzee Tadei, mtu mpole aliyefiwa na mke zamani, ambaye tangu nije hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita mama. Choo tunacho, Mama Lidia, kizuri, cha matofali, lakini wewe ni mtu mzima unajua, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaingii choo kimoja, hata kulitaja tu jambo hilo ni aibu, kwa hiyo mzee alituachia sisi, yeye akachimba cha kwake, mchanga wa huku ukaporomoka, akachimba tena ukaporomoka tena, ndipo akawa anakwenda kwa mdogo wake ng'ambo ya kijito, alfajiri kabla sijatoka nje, ili nisimwone anakoelekea.

Mwaka huu kipindupindu kikaingia kijijini, tukazika watu wanne, mmoja mtoto wa jirani yangu, binti niliyekuwa namsuka nywele, kwa hiyo mtendaji wa kijiji alipotangaza operesheni ya vyoo mimi nilifurahi kabisa. Wakaja nyumbani, yeye na mgambo wawili na daftari, Mansuetus yuko ziwani, mzee yuko kwenye chanja cha kuanikia anageuza usipa, wakaniuliza nani wanatumia choo kile, nikasema mimi na mume wangu na watoto, wakauliza, na mzee je? Ningesemaje, Mama Lidia, wanaume watatu wamesimama mbele yangu na mkwe wangu yuko hatua ishirini anasikia, niseme anaingia ninapoingia mimi? Nikainamisha kichwa nikasema, "Hatumii." Sikuongeza kwamba anatumia cha mdogo wake, maana hata hilo ni kumtaja mkwe chooni. Wakaandika wakaenda.

Jumatatu iliyofuata wakaja wakamkuta palepale kwenye chanja, wakamfunga mikono kwa kamba ya nyavu wakampitisha mbele ya watu, na kumfungia stoo ya ofisi ya kijiji pamoja na wenzake wawili ambao hawakuwa na vyoo kweli. Nikampelekea dawa zake za presha, mgambo akasema amri ni asionwe na mtu, nikamfuata mtendaji mwenyewe, akanijibu kwa upole kabisa kwamba ni kwa usalama wa watu wote. Mansuetus aliporudi Jumanne naye akafukuzwa pale. Jumatano jioni wakamwachia, akarudi kwa miguu, mkono mmoja umelegea na mdomo umekwenda upande, nikampa uji haukushuka, nikapiga magoti nikamwambia baba nisamehe.

Akasema kwa shida, "Ungesemaje, mama?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Ijumaa alifariki kituo cha afya.

Sasa mtendaji ametuletea karatasi aliyoiandika mwenyewe, inasema marehemu alihifadhiwa ofisini kuanzia Jumatatu hadi Jumatano kwa usalama wa jamii, akaachiwa akiwa mzima, na familia haina malalamiko, na inatakiwa saini ya Mansuetus na yangu mimi niliyempokea. Mansuetus anasema tusaini yaishe, kwa sababu hata barua ya kuombea leseni ya mtumbwi inatoka ofisi ileile. Dada zake wanasema tushtaki. Na mimi, naona aibu kuliandika hili, natamani kusaini, wala si kwa kumwogopa mtendaji, ila tukishtaki lile daftari litafunguliwa litasomwa mbele ya ukoo, na wote watajua ni mimi. Hata mume wangu hajui. Nimemuua mkwe wangu kwa kumheshimu. Nifanye nini?

Ni mimi mkamwana, Wilaya ya Nyasa.

MAMA LIDIA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani.

Kwanza acha kusema umemuua. Uliulizwa swali la hovyo ukajibu kama ulivyolelewa. Mzee alikuwa hatua ishirini, ana akili zake na ulimi wake, kilichowashinda kumuuliza mwenyewe ni nini? Tena mtendaji anayefanya kazi ziwani asijue kwamba mkamwana hawezi kujibu swali hilo, huyo anaishi na watu asiowajua. Marehemu mwenyewe alikuuliza ungesemaje. Hilo lilikuwa jibu lake kwa msamaha uliomwomba, na wewe umeligeuza fimbo unajichapa nalo.

Lakini sikupigii makofi. Unataka kuweka saini kwenye uongo ili wifi zako wasikununie. Nimelisema kwa ukali kwa sababu wewe mwenyewe umelizungushia maneno mengi. Mzee alikuachia choo, akatembea alfajiri miaka yote hiyo ili usione aibu. Leo zamu ya kuvumilia aibu imefika kwako, na ni ya siku chache tu.

Na asije mtu akasoma hapa akadhani natetea wanaojisaidia ufukweni. Kipindupindu kinaua, wewe umezika watoto wa watu. Kukagua vyoo ni kazi ya mtendaji na asipoifanya nitamsema vilevile. Ila kumfunga mzee kamba, kumnyima dawa na kumlaza stoo kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, hiyo si kazi ya afya. Mtu akikamatwa anatakiwa apelekwe polisi, na ndani ya saa ishirini na nne awe mbele ya hakimu au awe nyumbani kwake. Usalama wa watu wote ulikuwa wa Mzee Tadei pia.

Sasa nisikilize. Leo, Mansuetus akisharudi kutoka ziwani na kula, mwambie. Mwambie neno ulilosema na kwa nini ulilisema, usianze na machozi, anza na neno. Atakasirika, mwache, atatoka nje atarudi. Akirudi, nendeni pamoja kwa dada zake, mkawaambie ninyi kabla daftari halijawaambia. Watakusema wiki nzima. Wao nao ni wakamwana mahali, wanajua.

Halafu kachukueni karatasi ya kituo cha afya inayoonyesha alifika pale akiwa katika hali gani. Waombeni wale wawili waliofungiwa naye waeleze walichokiona, na mdogo wa mzee aseme kaka yake alikuwa anatumia choo cha nani. Kawatafuteni wasaidizi wa kisheria hapo Mbamba Bay, msaada wao ni bure, wawaandikie barua kwa mkuu wa wilaya na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, msikubali kuambiwa njooni kesho. Mtendaji mkikutana naye njiani msalimieni mpite, msigombane naye, na mumeo asimguse mgambo hata kwa kidole. Kuhusu leseni ya mtumbwi, akiwanyima barua kwa sababu ya hili, andikeni na hilo.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, simama useme kwamba nyumba yenye baba mkwe na mkamwana inahitaji vyoo viwili, na mchanga wa ziwani unahitaji pipa la kuzuia shimo lisiporomoke. Sema kwa sauti ya kusikika. Utasikia wanaume wanakohoa na wanawake wanaangalia chini, kwa sababu hakuna nyumba hapo isiyo na shida hiyo.

Na ile karatasi usiisaini. Usiichane pia, ndilo kosa ninaloliogopa zaidi kwa mwenye hasira. Isome tena taratibu. Mtendaji ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuwa na baba mkwe wako kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Itie kwenye mfuko wa nailoni isilowe, uipeleke Mbamba Bay, na mahali pa jina lako pabaki peupe.