Bolti ya Sitahani

Jumatatu, 3 Machi
Boti imetolewa majini. Imesimamishwa juu ya magogo pale yadi, tumbo wazi, magamba ya baharini yameota chini pote. Mwaka na miezi miwili tangu irudi bila kaka. Walioiokota walisema tanga lilikuwa juu na redio inaongea peke yake. Sasa wifi kaamua: safari aliyoipanga mumewe tutaimaliza sisi wawili. Siku thelathini za bahari tupu! Nikamwambia nipo. Ningesemaje?

Jumanne, 4 Machi
Kukwangua magamba. Mikono imekwisha. Nikasikia maji yanagonga ubavuni — na boti iko nchi kavu! Fundi wa yadi, tunamwita Msasa kwa sababu hakuna asichokikwaruza, hata heshima za watu, akasema ni tangi halijamwagwa. Nikacheka. Halafu tukafungua tangi. Kavu.

Alhamisi, 6 Machi
Msasa kabandua mbao zilizooza karibu na usukani. Kuna tundu. Hapo ndipo ilipokaa bolti yenye pete, ile ambayo mtu akiwa sitahani peke yake huifungia kamba ya mkanda wake, wimbi lisimchukue. Bolti haipo. Msasa akaingiza kidole, akakitoa, akanitazama. Haikukatika, akasema, imeng'oka. Chini hapakuwa na bamba la chuma la kuishikilia, ni washa tu, vile vipete vyembamba vya chini ya nati. Nani huyo fundi uchwara aliyeifunga?

Nikasema sijui.

Ijumaa, 7 Machi
Mimi. Ni mimi niliyeifunga. Bamba lilikuwa halijafika, kaka ana haraka, na mimi nina kiburi changu. Nikaweka washa mbili, nikajiambia nitakuja kubadilisha. Nikaziba, nikapaka rangi — na rangi ilikuwa safi kweli! Kaka akauliza, tayari? Nikamjibu tayari. Wala hakuinama kutazama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kimeshapita, na bado hakijaniumbua. Sijala tangu asubuhi.

Jumapili, 9 Machi
Yadi imefungwa, Msasa kaniachia ufunguo. Nimefunga bolti mpya. Bamba nene, nati mbili, nimekaza mpaka bega likalia. Nikiwa nimelala chali chini ya sitaha, nikasikia hatua juu. Taratibu, kutoka mlingotini hadi usukanini. Zikasimama juu ya uso wangu. Nikaita, Msasa? Nikatoka mbio — hakuna mtu, na lango nililifunga mwenyewe kwa ndani.

Niliogopa, nakiri. Lakini kabla ya kuogopa nilifurahi. Nilidhani kaja kukagua kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Msasa haniulizi kitu. Ananisalimia kwa adabu mno. Huyu anajua.

Jumatano, 12 Machi
Wifi kaja na chupa ya chai na mkanda mpya. Akauvaa, akafunga kamba kwenye bolti, akaegemea nyuma mwili mzima.

"Nivute, wifi. Kwa nguvu zako zote, usinionee huruma."

Nikamvuta. Nikamvuta mpaka tukaanguka wote wawili sitahani. Bolti haikutikisika. Akacheka — mara ya kwanza kumsikia tangu msiba! Akasema sasa roho yake imetulia, kwa vile nimeifunga mimi. Marehemu hakuwahi kumwamini fundi mwingine. Kila usiku wa dhoruba alikuwa akimwambia, usihofu, hii ni kazi ya dada.

Nikatazama pembeni. Akanimiminia chai. Halafu, hivi hivi tu, huku akifuta kikombe kwa kanga:

"Na ile ya zamani, mliivuta hivi?"

Nikasema ngoja nikachukue spana. Nimeshuka ndani, nimekaa kwenye kitanda cha kaka, naandika. Juu anatembea, kutoka mlingotini hadi usukanini. Ananiita. Wifi? Wifi, umenisikia?

Anaita tena. Spana ninayo mkononi.